Impreza Iliyoshushwa Inayokula Matairi ya Nyuma: Anzia Nyuma, Si Mbele

SWALI: Nina Subaru Impreza ya 2006, GG3, injini ya 1500. Mwaka jana niliivalisha springi fupi ikashuka kama sentimita 4, nikaweka na rimu za inchi 16 zenye matairi 205/55. Tangu hapo matairi ya nyuma, yote mawili, yanalika ndani hadi waya zinaonekana, ilhali upande wa nje bado yana meno mazuri. Gari likienda moja kwa moja usukani umelala kushoto kidogo, na nikiuachia gari linavuta kushoto. Nimefanya alaimenti (kupima na kunyoosha mkao wa magurudumu) mara tatu hapa Nakuru. Kila mara fundi anarekebisha mbele, ananiambia Subaru nyuma haina marekebisho, eti ni kemba ya springi, nizoee. Nimekutumia karatasi ya mashine. Je, nirudishe springi za zamani? Na nianze kununua matairi au nianze na alaimenti?

JIBU: Ndugu yangu wa Nakuru, karatasi uliyonitumia imejibu karibu kila kitu. Shida ni kwamba aliyeichapisha aliishia kusoma nusu ya juu.

Tuinakili hapa ili tuwe pamoja. Mbele, kemba ya kushoto ni hasi dakika 30 na ya kulia ni hasi digrii 1 na dakika 45; tou ya jumla ni sifuri. Nyuma, kemba ni hasi digrii 2 na dakika 15 kushoto, na hasi digrii 2 na dakika 25 kulia. Tou ya nyuma ni hasi dakika 22 kushoto, na chanya dakika 5 kulia. Tou ya mbele imepakwa rangi ya kijani, ya nyuma imebaki nyekundu, na chini kuna muhuri wa kuonyesha umelipa.

Kwa ambaye hajazoea karatasi hizi: digrii moja ina dakika 60. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukisimama mbele ya gari na kulitazama. Kichwa cha gurudumu kikiinamia ndani, hiyo ni kemba hasi. Tou ni mwelekeo wa gurudumu ukilitazama kutoka juu. Magurudumu mawili yakielekeza pua zao ndani, kama vidole vya miguu vinavyokaribiana, hiyo ni tou chanya. Pua zikiachana ni tou hasi.

Mtu akishusha gari huanza kuilaumu kemba, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa macho. Unasimama nyuma ya gari, unaona magurudumu yamekaa kama miguu ya mtu aliyetanua, unamwambia jirani, "Unaona? Ndiyo maana matairi yanaisha." Lakini tairi lenye kemba hasi ya digrii 2 na tou iliyo sawa huisha polepole, na huisha laini. Ndani litapungua kuliko nje, kweli, ila halitafika kwenye waya huku nje kukiwa na meno. Kinacholimaliza tairi kwa kasi uliyoieleza ni tou. Kemba huchagua sehemu ya tairi itakayoliwa. Anayekula ni tou. Gari lako limeyapata yote mawili kwenye ekseli moja.

Hebu tazama namba za nyuma tena. Gurudumu la kushoto lina tou hasi, maana yake pua yake imetazama nje, yaani kushoto. La kulia lina tou chanya, pua yake imetazama ndani, na ndani kwa gurudumu la kulia ni kushoto vilevile. Kwa hiyo ekseli nzima ya nyuma inaelekeza kushoto. Chukua 22 ujumlishe 5, gawa kwa 2: ekseli inasukuma gari kwa mshazari wa dakika 13 na nusu upande wa kushoto. Ili gari lisije likajipinda kulia, inakubidi magurudumu ya mbele nayo uyaelekeze kushoto kiasi hichohicho, na usukani unafuata. Ndiyo sababu umelala kushoto. Gari lako linakwenda kwa ubavu kidogo, kama kaa. Fundi angeweza kurekebisha tairodi za mbele (zile fito zinazogeuza magurudumu ukizungusha usukani) mpaka kesho, usukani ungerudi kulala ilimradi nyuma haijaguswa.

Sasa swali ambalo huenda umejiuliza: mbona matairi yote mawili yameliwa, wakati la kulia linaonekana kuwa na dakika 5 tu? Kwa kuwa gari haliendi kwa kufuata mstari wa katikati ya bodi, linafuata mstari wa ekseli ya nyuma. Ukipima kutoka kwenye mstari huo, kila gurudumu la nyuma limetazama nje kwa dakika 8 na nusu, la kushoto na la kulia sawasawa. Kwa hesabu, hiyo ni kama mita 2 na nusu za kuburutwa kwa ubavu katika kila kilomita moja. Ukifikisha kilomita 10,000, tairi limesuguliwa kwa ubavu takriban kilomita 25. Weka kemba ya digrii 2 na zaidi juu yake, mzigo wote unakuwa umelalia bega la ndani la tairi, na bega hilo ndilo linaloburutwa. Hapo hata tairi la bei ghali halina ujanja.

Unaweza kulithibitisha hili kwa mkono, bila mashine. Ukiwa na tairi la nyuma ambalo halijafika kwenye waya, pitisha kiganja juu ya meno kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi kutoka ndani kwenda nje. Upande mmoja mkono utateleza, upande wa pili utahisi kingo kali za meno zikikukwaruza, kama unapapasa msumeno kinyume. Makali hayo ni alama ya tou. Kemba peke yake hailetei tairi makali. Hulimaliza upande mmoja likiwa laini kama limepigwa msasa.

Suala la gari kuvuta kushoto lina chanzo chake, tofauti na usukani kulala, na mafundi wengi huyachanganya. Gari huvuta kuelekea upande wenye kemba isiyo hasi sana. Wewe mbele una hasi dakika 30 kushoto na hasi digrii 1 na dakika 45 kulia. Tofauti ya digrii 1 na robo ni kubwa mno. Ongeza kwamba Kenya tunaendesha kushoto na lami imejengwa ikiteremka kidogo kuelekea ukingoni ili maji yatiririke. Hata gari zima lisilo na kasoro huteremka kushoto kidogo ukiliachia. Kwako vitu viwili vinavuta upande mmoja.

Springi fupi hazileti tofauti ya namna hiyo kati ya kushoto na kulia. Zinashusha pande zote mbili, kemba inaongezeka pande zote mbili. Kwa hiyo kuna kitu kingine, na hapa fundi wako anatakiwa kutumia akili kabla ya spana. Kwenye Impreza, bolti ya juu kati ya zile mbili zinazoshika shokapu ya mbele na kifundo cha gurudumu (kipande kinachobeba gurudumu) ina kichwa cha mviringo usio na kituo cha katikati, yaani bolti imepita pembeni mwa mviringo huo, na ina alama za mistari. Ukiizungusha, kemba inabadilika. Ni marekebisho ya kiwandani, si kitu cha kununua. Dhana yangu ya kwanza ni kwamba wakati wa kufunga springi zile bolti zilifunguliwa zikarudishwa bila kuangalia alama, moja imekaa huku na nyingine kule. Aliyefunga springi bila kuweka alama ya rangi kabla ya kufungua ndiye aliyekuandalia kazi hii.

Muombe fundi azirudishe bolti zote mbili kwenye alama ileile, kushoto na kulia, kisha apime upya. Kemba zikikaribiana, kesi imekwisha. Zikibaki mbali, mashine nyingi za kisasa zinaweza kupima pia mlalo wa mhimili wa usukani, ule mstari unaotoka beringi ya juu ya shokapu kwenda boljointi, kiungo cha chini kinachoshika kifundo na mkono wa chini. Ajumlishe mlalo huo na kemba kwa kila upande. Jumla ya kushoto ikiwa tofauti na ya kulia, shokapu au kifundo kimepinda, pengine kutokana na shimo. Jumla zikilingana lakini kemba bado tofauti, basi krosmemba (boriti ya chuma inayofungiwa mikono ya chini) imesogea upande mmoja au mkono wa chini umepinda. Dalili ya krosmemba iliyosogea ni upande mmoja kuwa na kemba iliyozidi na wa pili iliyopungua kwa kiasi kilekile. Inalegezwa, inasukumwa, inakazwa. Namba hizi hazina maana ikiwa bolti za kemba hazijawekwa sawa kwanza, kwa kuwa bolti hiyo yenyewe hubadilisha ile jumla.

Turudi nyuma, penye tatizo lako hasa. Kauli kwamba Subaru nyuma haina marekebisho ni nusu kweli. Kemba ya nyuma kwenye Impreza hii haina marekebisho ya kiwandani. Tou inayo. Lala chini ya gari ukitazama gurudumu la nyuma: kuna mikono miwili iliyokaa sambamba, inayotoka katikati ya gari kwenda kwenye gurudumu, na mmoja mrefu unaokwenda mbele. Ile miwili ya sambamba, chukua wa nyuma, fuata ncha yake ya ndani inapofungwa kwenye krosmemba. Bolti ya hapo ina kichwa kisicho na kituo cha katikati, na sahani yenye mistari. Hiyo ndiyo tou ya nyuma, moja kushoto, moja kulia.

Mbona basi mafundi hawaigusi? Mara nyingi kwa sababu haizunguki. Magari haya yametoka Japani, na yaliyoishi kaskazini kwenye theluji yametembea miaka mingi juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi. Bolti imeshikana kwa kutu na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, ule mpira ulio kwenye ncha ya mkono. Ukiilazimisha kwa spana ndefu, bolti inazunguka na bomba lake, mpira wa bushi unapinda, mashine inaonyesha kijani kwa dakika chache, na gari likitoka getini mpira unarudi mahali pake. Fundi mzoefu akihisi bolti ina mpira ndani anaacha. Yule anayekwambia haina marekebisho anajiepusha na kazi ya nusu siku kwa bei ya alaimenti, na kusema kweli simlaumu sana. Ila angekwambia hivyo.

Dawa ni kumwagia mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, kisha kuipasha moto kwa uangalifu ukikumbuka kwamba mpira uko hapo karibu na tangi la petroli haliko mbali. Ikigoma, inakatwa. Nunua bolti mpya, nati na sahani zake kabla hujaanza, usisubiri gari liko juu ya jeki. Kama bushi za mikono zimepasuka, na kwa gari la umri huo nategemea zimepasuka, usizibadilishe nusu. Jihadhari pia na bolti moja ndefu inayopita kwenye kifundo cha nyuma na kushika mikono yote miwili upande wa gurudumu. Hiyo ina sifa mbaya kuliko zote kwa kushikana. Ikiwa huna sababu ya kuitoa, iache.

Hapa kuna jambo ambalo karibu kila gari lililoshushwa linalo na halijulikani sana. Bushi za mikono hii ni mpira uliogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma. Hazitelezi; mkono ukipanda na kushuka, mpira unajinyonga. Kwa hiyo ukikaza bolti magurudumu yakiwa yananing'inia hewani, mpira unakuwa umetulia katika hali ya kuning'inia. Ukishusha gari chini, tena gari fupi, kila bushi inakuwa imenyongwa muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Bushi hizo hulisukuma gari juu kidogo, kisha taratibu zinachoka, gari linashuka zaidi, na vipimo vinahama baada ya alaimenti. Halafu zinapasuka. Nikiona gari limefanyiwa alaimenti mara tatu na kila mara linarudi, hili ndilo naliulizia mapema.

Tiba yake ni rahisi: gari liwe juu ya shimo la gereji au juu ya rampu, limesimama kwa magurudumu yake na uzito wake. Legeza bolti zote za ndani za mikono, mbele na nyuma, litikise gari kwa kulibonyeza kila kona, kisha kaza likiwa limekaa hivyohivyo. Kabla ya hapo pima urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kona zote 4. Ukikuta kushoto na kulia wamepishana zaidi ya sentimita moja, angalia kama ncha ya springi imekaa vizuri kwenye kikombe chake. Springi iliyokaa nje ya ngazi yake huinua kona moja na kuvuruga kila kitu.

Kuhusu kemba ya nyuma, una njia mbili. Ya kwanza ni bolti za kemba za kununua, nyembamba katikati na zenye kichwa kisicho na kituo, zinazochukua nafasi ya moja ya bolti mbili zinazoshika shokapu. Nyingi huuzwa kwa ahadi ya digrii 1 na robo tatu. Wewe tegemea digrii moja hivi, ambayo inakutosha. Moja kwa kila shokapu, si mbili, na iwe ya saizi inayolingana na tundu. Kwa kuwa ni nyembamba, inaweza kuteleza gari likipiga shimo kubwa. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yake, kisha piga mstari wa rangi kutoka kwenye kichwa hadi kwenye chuma cha shokapu. Mstari ukikatika, unajua imehama bila kuuliza mashine. Njia ya pili ni mikono ya nyuma inayoweza kurefushwa kwa nati katikati. Ni imara zaidi, ghali zaidi, na kwa injini ya 1500 inayokwenda kazini na kurudi naona ni anasa.

Angalizo moja: ukisimamisha gurudumu kwa digrii moja, kichwa cha tairi kinatoka nje karibu sentimita moja. Kwa gari lililoshuka, tairi linaweza kuanza kusugua bodi. Wapo wanaoiacha kemba nyingi makusudi ili rimu pana ziingie, na kwa maonyesho ya Jumapili sina ugomvi nao. Rimu zako si pana hivyo, lakini jaribu kwa kupakia watu wawili wazito kiti cha nyuma na kupita tuta polepole ukisikiliza.

Sasa mpangilio wa kazi yenyewe, na huu hauna mjadala. Upepo wa matairi uwe sawa, tangi angalau nusu, na kama unaendesha peke yako mara nyingi, weka mzigo wa uzito wako kwenye kiti cha dereva; gari fupi lenye springi ngumu halibadiliki sana, ila nyuma ni mahali pa dakika chache na dakika chache ndizo tunazozigombania. Kemba ya nyuma kwanza, kwa kuwa ukiigusa tou inahama. Kisha tou ya nyuma, kila upande peke yake, mpaka ule mshazari wa ekseli ufike karibu na sifuri. Baada ya hapo ndipo uende mbele: kemba, halafu tou ukiwa umefunga usukani ukiwa wima. Kasta, ule mlalo wa mhimili wa usukani ukitazamwa kutoka ubavuni, haina marekebisho hapa, isome tu. Pande mbili zikitofautiana sana, angalia bushi kubwa ya nyuma ya mkono wa chini.

Usikubali mtu ang'oe usukani na kuurudisha wima kwenye meno yake. Ni njia ya mkato inayopendwa sana. Usukani unakuwa mzuri kwa macho, lakini reki (ule mtambo wa meno unaosukuma tairodi) haiko katikati tena, gari linakata kona kulia na kushoto kwa duara tofauti, na waya wa kujikunja wa eabegi chini ya usukani unaweza kukatika. Usukani unawekwa sawa kwa tairodi zote mbili, na mwishoni nyuzi za skrubu zinazoonekana kushoto na kulia zinapaswa kukaribiana kwa idadi.

Namba ambazo mimi ningeziomba kwa gari lako na barabara zenu: mbele kemba hasi digrii 1 hadi digrii 1 na dakika 15, pande mbili zisipishane zaidi ya dakika 20, ukitaka kupambana na mteremko wa lami, acha upande wa kushoto uwe hasi zaidi kwa dakika hizo. Tou ya mbele sifuri hadi chanya kidogo sana, milimita moja kwa jumla. Nyuma kemba hasi digrii 1 na dakika 15 hadi 30, na tou chanya dakika 5 kila upande. Kwa tairi lako dakika 5 ni kama milimita moja tu, lakini iwe chanya. Nyuma yenye tou hasi, mbali na kula matairi, hulifanya gari liwe la wasiwasi ukipunguza mafuta katikati ya kona kwenye mvua.

Ukitaka kujikagulia mwenyewe nyumbani, nyuzi mbili na rula zinatosha. Egesha mahali tambarare, vuta uzi kila upande wa gari kwa kimo cha katikati ya magurudumu, ukiufunga kwenye stendi mbele na nyuma. Sogeza mpaka umbali kutoka uzi hadi katikati ya gurudumu la mbele uwe sawa kushoto na kulia, na la nyuma vivyo hivyo. Mbele na nyuma visilingane, si neno, mapana ya ekseli huweza kutofautiana; kushoto na kulia ndivyo lazima vilingane, na nyuzi zenyewe ziwe sambamba. Kisha pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu, mbele ya rimu na nyuma ya rimu. Kwa rimu ya inchi 16, kila milimita moja ya tofauti ni kama dakika 8. Ukingo wa mbele ukiwa karibu na uzi kuliko wa nyuma, gurudumu limetazama nje. Kwa gari lako la leo, gurudumu la nyuma kushoto linapaswa kukuonyesha karibu milimita 3. Ukizipata, mashine ilisema kweli.

Ukimaliza kuzungusha chochote, sukuma gari mbele na nyuma mita chache kabla ya kupima tena, au weka chini ya matairi vipande viwili vya bati vyenye grisi katikati. Tairi lililoshikwa na saruji halikubali kugeuka mahali lilipo na litakudanganya.

Nirudi kwenye swali lako la springi. Sentimita 4 si nyingi mno kwa gari hili, ila uko karibu na mwisho. Mbele una shokapu zilizosimama na mkono mmoja wa chini kila upande. Mkono ukiwa umelala sambamba na ardhi au ukiteremka kidogo kuelekea gurudumu, gari likilala kwenye kona kemba hasi inaongezeka na tairi linaendelea kukanyaga vizuri. Ukilishusha mpaka boljointi ipande juu kupita bolti ya ndani ya mkono, faida hiyo inapungua na baadaye inageuka hasara. Gari linalala zaidi, na kila tuta tou inahama kwa kuwa tairodi nayo imeelekea juu. Alaimenti haiwezi kutibu hilo, kwani inapima gari likiwa limesimama. Chutama mbele ya gari utazame: boljointi ikiwa chini ya bolti ya ndani au zikiwa sawa, baki na springi zako. Ikiwa juu, pandisha. Na kama springi hizo ni za zamani zilizokatwa kwa grainda, zitoe bila kuniuliza mara ya pili.

Angalia na shokapu. Za kawaida zilizofanya kazi miaka mingi, ukizivalisha springi fupi, zinaishi karibu na mwisho wa safari yao, zikigonga ule mpira wa kuzuilia kila tuta. Ikiwa zinavuja mafuta, alaimenti ya wiki hii haitafika mwezi ujao.

Matairi kwanza au alaimenti kwanza? Matairi yenye waya nje hayastahili kukupeleka hata gereji kwa mwendo wa barabara kuu. Lakini usinunue mawili. GG3 inasukuma magurudumu yote manne, na matairi ya mzingo tofauti huilazimisha gia kufidia tofauti hiyo muda wote wa safari. Subaru hutaka mizingo ya matairi manne isipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi, ambayo kwa kina cha meno ni karibu milimita moja. Kwa hiyo ama manne mapya, ama mawili yaliyotumika yenye kina kinacholingana na ya mbele. Mimi ningefunga mawili yaliyotumika ili kazi ya bolti na bushi ifanyike, nipime, niendeshe kilomita mia kadhaa, nirudi kwenye mashine kuona kama mstari wa rangi umehama au gari limeshuka zaidi, ndipo nitoe hela ya manne mapya. Na siku hiyo muombe fundi akague taa za mbele, maana mwanga nao ulihama springi zilipobadilishwa.